Msimbo Bila Lugha: Uhakiki wa Matumizi ya Misimbo ya QR Darasani katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanahakiki wazo la kutumia misimbo ya QR kama zana ya kufundishia katika shule za msingi za pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, hususan wilaya za Palma na Mocímboa da Praia. Hoja kuu ni kwamba msimbo wa QR, kwa jinsi ulivyoundwa, haubebi somo bali hubeba anwani ya somo. Kwa hiyo, thamani yake darasani huamuliwa na mambo yaliyo nje yake: lugha ya maudhui, mahali yanapohifadhiwa na mwenye mamlaka juu yake. Kwa kurejelea uzoefu wa shule ya Paritewadi nchini India, mfumo wa elimu ya lugha mbili wa Msumbiji na kadi za Plickers, makala yanaonesha kuwa matumizi yanayosifiwa zaidi ndiyo yasiyofaa zaidi katika pwani hii, na kwamba yale yanayotajwa kidogo ndiyo yanayostahili kujaribiwa. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa washauri wa sera.

Istilahi muhimu: msimbo wa QR, elimu ya lugha mbili, Kimwani, Kimakwe, Cabo Delgado

1.0 Utangulizi

Wazo la kuingiza misimbo ya QR darasani ni jepesi kuelezeka. Kitabu huchapwa alama ya mraba; mwalimu au mwanafunzi huielekezea kamera ya simu; hadithi, wimbo, picha au zoezi hufunguka. Gharama ya kuchapa alama hiyo ni ndogo mno, na hapo ndipo mvuto wake kwa wapangaji wa elimu ulipo.

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado inaonekana kuwa mahali panapolihitaji wazo hili kuliko pengine popote. Kimbunga Kenneth kilipiga mkoa huo Aprili 2019. Mashambulizi ya silaha yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye, na Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Familia zilikimbilia Pemba, Montepuez, Nampula na hata ng'ambo ya mto Ruvuma. Tangu mwaka 2022 wengi wamekuwa wakirejea na kukuta majengo ya umma yameharibiwa. Jamii iliyoona shule zake zikiungua ina haki ya kuvutiwa na ahadi ya maktaba isiyoungua.

Kwa sababu hiyohiyo wazo hili linastahili kuhakikiwa kwa ukali zaidi hapa kuliko mahali pengine. Fedha za kujenga upya elimu ni chache, na kila kinachonunuliwa huchukua nafasi ya kitu kingine. Makala haya hayahakiki mradi mmoja mahususi. Yanahakiki wazo lenyewe na hoja zinazolitetea. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: mtoto wa darasa la pili huko Quionga au Palma atapata nini kutokana na alama hiyo ambacho asingekipata bila yake?

2.0 Msimbo Unabeba Nini?

Msimbo wa QR ulibuniwa nchini Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso Wave. Kusudi lilikuwa kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kampuni iliamua kutoyatumia mamlaka ya hataza yake kuwazuia wengine, na uamuzi huo ndio ulioufanya msimbo uenee duniani bila malipo. Ni vyema kuikumbuka asili hii: chombo kiliundwa ili kitu kinachosafiri kitambulike upesi, wala hakikuundwa ili kifundishe.

Asili hiyo inaonekana katika uwezo wake. Msimbo mkubwa kabisa una vijiraba 177 kwa 177, na unaweza kubeba baiti 2,953 pale kinga dhidi ya uharibifu inapokuwa ya kiwango cha chini. Kinga ya kiwango cha juu huuwezesha msimbo kusomeka hata takriban asilimia 30 yake ikiharibika, lakini uwezo hushuka hadi baiti 1,273. Katika pwani yenye chumvi, unyevu na vumbi, ambako kitabu kimoja hupita mikononi mwa watoto wengi, kiwango cha juu ndicho kinachofaa. Baiti 1,273 ni takriban herufi 1,273, yaani maandishi yasiyojaza ukurasa mmoja wa kitabu cha hadithi.

Hapa ndipo penye udhaifu wa kimantiki ambao watetezi wengi huupita. Maandishi yanayoweza kuingia ndani ya msimbo yanaweza pia kuchapwa kwa herufi za kawaida karibu na mahali ambapo msimbo ungewekwa, na yakasomwa na yeyote bila simu. Kitu kisichoweza kuchapwa, yaani sauti, hakiingii ndani ya msimbo. Tuchukue sauti ya mazungumzo iliyobanwa hadi biti 8,000 kwa sekunde, kiwango cha chini sana: baiti 2,953 ni biti 23,624, sawa na takriban sekunde tatu. Hadithi ya dakika tano haiwezi kukaa humo.

Kwa hiyo, kila somo la sauti au picha linalodaiwa kuwa "ndani ya msimbo" liko mahali pengine, ama kwenye mtandao, ama kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu. Likiwa kwenye mtandao, somo hutegemea mnara wa simu, salio la data na umeme. Na wakazi wa Palma wanakumbuka jinsi mawasiliano yalivyokatika wakati wa shambulio la Machi 2021. Likiwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ya mwalimu, basi nambari iliyochapwa ukurasani, kama vile "Sikiliza 12", inatosha kumwelekeza kwenye faili husika. Kwa hali zote mbili, msimbo umeongeza wepesi kidogo tu, haukuongeza maarifa.

3.0 Somo la Paritewadi na Namna Lilivyosomwa Vibaya

Mfano unaorejelewa mno ni wa mwalimu Ranjitsinh Disale wa kijiji cha Paritewadi, wilaya ya Solapur, jimbo la Maharashtra nchini India, aliyeshinda tuzo ya kimataifa ya ualimu, Global Teacher Prize, mwaka 2020. Jina lake limefungamanishwa na vitabu vyenye misimbo ya QR. Serikali ya India nayo tangu mwaka 2017 imekuwa na jukwaa la DIKSHA, ambalo hufunguliwa kwa misimbo iliyochapwa katika vitabu vya shule vya majimbo mengi.

Kisa hiki kinaposimuliwa kwetu, husimuliwa kama ushindi wa alama ya mraba. Hata hivyo, kwa mujibu wa maelezo ya watoa tuzo wenyewe, Disale alipofika shuleni mwaka 2009 alikuta mtaala hauko katika lugha ya kwanza ya wanafunzi wake. Alihamia kijijini, akajifunza lugha yao, Kikannada, kisha akaviandika upya vitabu vya madarasa ya mwanzo kwa lugha hiyo. Misimbo ilipachikwa katika vitabu vilivyokwisha kutafsiriwa.

Mpangilio huo wa matukio ni muhimu kuliko chombo. Kwanza mwalimu alijifunza lugha ya mtoto. Pili, maudhui yaliandikwa upya. Tatu, msimbo ukayafungua. Wanaoiga Paritewadi mara nyingi huanzia hatua ya tatu, kwa kuwa ndiyo rahisi na ndiyo inayopigwa picha. Msimbo uliochapwa leo katika kitabu cha Kireno na kufungua video ya Kireno unamwacha mtoto asiyejua Kireno palepale alipokuwa, isipokuwa sasa amesimama mbele ya milango miwili iliyofungwa badala ya mmoja.

4.0 Lugha za Pwani na Orodha ya Serikali

Pwani inayozungumziwa hapa haina lugha moja. Kimwani huzungumzwa katika visiwa vya Quirimba na miji ya bara inayovikabili, Mocímboa da Praia ikiwemo. Kimakwe, ambacho Maud Devos amekiandikia sarufi iliyochapishwa mwaka 2008, huzungumzwa kutoka Palma na rasi ya Cabo Delgado kuelekea Ruvuma. Shimakonde hutawala nyanda za juu na kushuka hadi pwani, na Emakhuwa ina wasemaji wengi kusini mwa mkoa. Kiswahili husikika sokoni, majahazini na katika mawaidha, hasa karibu na mpaka. Kireno ni lugha ya ofisi na ya mtihani.

Msumbiji ilianza kujaribu elimu ya lugha mbili kati ya mwaka 1993 na 1997 katika mikoa ya Tete na Gaza, kisha ikaiingiza katika mtaala wa mwaka 2003. Katika muundo huo, lugha ya kwanza ya mtoto hutumika kufundishia madarasa matatu ya mwanzo, huku Kireno kikifundishwa kama somo. Kuanzia darasa la nne, Kireno huchukua nafasi ya lugha ya kufundishia. Kati ya lugha za Cabo Delgado, Kimwani, Shimakonde na Emakhuwa ziliingizwa katika mpango huo.

Sera hii inastahili sifa, nayo ndiyo kipimo sahihi cha zana yoyote mpya. Yafuatayo ni mambo matatu yanayojitokeza tunapoupima msimbo kwa sera hiyo.

Kwanza, madarasa matatu ya mwanzo ndiyo yenye uhaba mkubwa wa matini za kusoma katika lugha za wenyeji. Uhaba huo ni wa waandishi, wahariri na fedha za kuchapa, na msimbo hauuondoi. Waandishi wakipatikana, hadithi fupi za Kimwani zinaweza kuchapwa kwenye karatasi. Wasipopatikana, hakuna cha kufungua.

Pili, kuna mtoto wa Kimakwe. Akiandikishwa katika darasa la Kimwani anafundishwa kwa lugha jirani, siyo lugha ya nyumbani kwake. Hapa sauti ina kazi ya kweli: mwalimu anayezungumza Kimwani anaweza kumsikilizisha mtoto simulizi iliyosimuliwa na bibi wa Quionga kwa Kimakwe. Kurekodi simulizi kama hizo hakuhitaji othografia iliyosanifiwa wala kiwanda cha uchapaji. Hii ni hoja yenye nguvu ya kutetea sauti darasani, lakini tuitambue kwa jina lake: ni hoja ya kinasa sauti na kadi ya kumbukumbu.

Tatu, kuna kishawishi kinachotuhusu sisi wanataaluma wa Kiswahili. Maudhui ya Kiswahili yapo tayari, kuanzia vipindi vya watoto vya Ubongo Kids vilivyoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014 hadi vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019, na Msumbiji ni mwanachama. Itakuwa rahisi mno kuelekeza misimbo ya Palma kwenye maudhui ya Dar es Salaam na kutangaza kwamba tatizo la lugha limetatuliwa. Kimwani na Kiswahili ni ndugu wa karibu, lakini udugu huo haumfanyi mtoto wa miaka sita aelewe istilahi za hisabati za ng'ambo ya mto. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiswahili kikiingia katika shule hizi kwa kuisukuma kando Kimwani iliyopiganiwa kuingia katika mtaala, hakuna mwenyeji atakayepona.

5.0 Alama Isiyosomeka kwa Jicho

Watetezi huuhesabu msimbo kuwa daraja la kufikia maandishi. Katika pwani hii inafaa kuuliza: maandishi ya nani? Jamii hizi zina historia ndefu ya kusoma na kuandika kwa hati za Kiarabu. Nyaraka ya Taifa ya Msumbiji jijini Maputo imehifadhi barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa Kiswahili na hati hizo, ambazo watawala na masheikh wa pwani waliwapelekea maofisa Wareno. Utafiti wa Liazzat Bonate na wa Chapane Mutiua umezileta barua hizo mezani mwa wanataaluma. Katika vyuo vya Qur'ani, mtoto bado hujifunza kwa kuoanisha maandishi na sauti ya mwalimu.

Shule ya serikali iliingia kwa njia nyingine. Kwa mkataba wa mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani, pamoja na Sheria ya Misheni ya mwaka 1941, elimu ya Waafrika makoloni ilikabidhiwa kwa misheni za Kikatoliki. Kwa Waislamu wa pwani, kumpeleka mtoto shuleni kulionekana kuwa sawa na kumpeleka kanisani. Uhuru ulibadili sheria mwaka 1975, lakini imani ya wazazi hairejeshwi kwa tangazo la gazeti la serikali.

Katika mazingira hayo, msimbo una kasoro isiyotajwa katika maandishi mengi ya teknolojia ya elimu: binadamu hawezi kuusoma. Mzazi ajuaye hati za Kiarabu, mwalimu wa madrasa, hata mwalimu wa shule mwenyewe, hawawezi kujua kwa macho alama inaelekeza wapi. Stika moja iliyobandikwa juu ya nyingine hubadili somo bila mtu kutambua. Katika eneo ambalo makundi yenye silaha nayo yamesambaza ujumbe wao kwa simu, jambo hili si la kinadharia. Nambari iliyochapwa pamoja na kichwa cha habari cha Kimwani huonekana na kila mtu. Msimbo humtaka kila mtu aamini.

Suala la taarifa za watoto lina uzito uleule. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2022 kuhusu zana za kidijitali zilizoidhinishwa na serikali 49 wakati wa janga la UVIKO-19 ilionesha kuwa nyingi zilikusanya taarifa za watoto kupita mahitaji ya masomo, na DIKSHA ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Kwa mtoto aliyehama mara mbili au tatu kwa sababu ya vita, taarifa kuhusu mahali alipo ni suala la usalama wa maisha.

6.0 Pale Msimbo Unapomsikiliza Mwanafunzi

Kufikia hapa uhakiki unaweza kuonekana kama kanusho la jumla. Sivyo. Kuna matumizi moja ambayo yanastahili kupewa nafasi, nayo hugeuza mwelekeo wa chombo.

Katika mbinu ya kadi za Plickers, kila mwanafunzi hupewa karatasi yenye alama ya kipekee, ya jamii moja na msimbo wa QR. Mwalimu anauliza swali lenye majibu manne. Mwanafunzi hujibu kwa kuuelekeza juu upande wa kadi unaolingana na jibu lake. Mwalimu huzungusha kamera ya simu moja darasani na kupata jibu la kila mmoja. Mwanafunzi hahitaji simu, na hawezi kuiga kwa urahisi jibu la jirani kwa kuwa kadi hazifanani.

Umuhimu wa mbinu hii kwa darasa kubwa la lugha ya kigeni hauhitaji maelezo marefu. Katika madarasa mengi, wanafunzi hujibu kwa pamoja kwa sauti. Mwalimu husikia "sim" moja kubwa ya Kireno na hana njia ya kujua ni nani aliyeelewa na nani amefuata mkumbo. Mtoto aliyenyamaza kwa sababu ya lugha, na mtoto aliyenyamaza kwa sababu ya aliyoyaona porini wakati wa kukimbia, wote humezwa na kiitikio. Kadi huwapa kinywa. Swali likiulizwa kwa Kimwani, kisha lilelile kwa Kireno, tofauti ya majibu humwonesha mwalimu papo hapo kama tatizo ni hisabati au ni lugha. Hakuna video inayoweza kumwambia hivyo.

Hata hapa pana mipaka. Seti kubwa ya kadi hizo ina kadi 63, na madarasa ya mkoa huu mara nyingi huzidi idadi hiyo. Mfumo umejengwa juu ya akaunti ya mtandaoni na haukutengenezwa kwa ajili ya lugha zetu. Lakini kanuni yake, alama za karatasi na simu moja ya mwalimu, inaweza kuigwa katika programu inayofanya kazi bila mtandao na isiyohifadhi jina la mtoto. Hiyo ni kazi ambayo vyuo vikuu vya kanda vinaweza kuifanya.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonesha kuwa sifa inayopewa misimbo ya QR darasani kwa kiasi kikubwa ni sifa ya vitu vingine: tafsiri, sauti iliyorekodiwa na bidii ya mwalimu. Sehemu kubwa ya maandishi yanayoitetea hupima ari ya wanafunzi mbele ya kitu kipya, ilhali ari hiyo hupungua upya unapozoeleka. Uamuzi wa kuitumia katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado ni uamuzi wa lugha kabla ya kuwa wa teknolojia. Kwa msingi huo, makala yanapendekeza yafuatayo.

Kwanza, fedha za awali zielekezwe katika kuandika na kuchapa matini za Kimwani na Shimakonde, na kurekodi simulizi za Kimakwe, kabla ya msimbo wowote kuchapwa. Mradi usio na bajeti ya waandishi na wasimulizi usipitishwe.

Pili, maudhui ya sauti yahifadhiwe kwenye kadi za kumbukumbu zinazokaa shuleni, na kila somo liwe na nambari na kichwa kinachosomeka kwa jicho. Msimbo ukiwepo, uwe nyongeza ya nambari hiyo, usiwe mbadala wake.

Tatu, kamati za shule, wakiwemo wazazi na walimu wa madrasa, zisikilize maudhui yote kabla hayajafika darasani. Kibali chao ni sehemu ya ubora wa zana.

Nne, majaribio ya teknolojia yaanzie kwenye kadi za kujibu maswali, kwa simu moja ya mwalimu, bila mtandao na bila majina ya watoto.

Tano, iwapo taasisi inataka kuutumia msimbo kwa kazi ulioundiwa, iutumie kufuatilia maboksi ya vitabu kutoka ghala la Pemba hadi shule za Palma, ili ijulikane ni vingapi vilivyofika na vilikwama wapi. Kwa mtoto wa Quionga, kitabu kilichofika kina faida kuliko msimbo uliochapwa katika kitabu kilichobaki njiani.

Mwisho, washauri wa sera wanaoletewa pendekezo la aina hii wana swali moja la kuuliza kabla ya mengine yote: kinachofunguka kiko katika lugha gani, na nani kijijini amekisikiliza? Asiyekuwa na jibu arudi kwanza kwa wenye lugha.